Maganda ya Mlango wa Nyuma

Maganda ya ndizi hayakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Hiyo ilikuwa sheria ya Bi Dodoki, na katika nyumba ile ya vyumba vitatu iliyojengwa ubavuni mwa kisima, sheria za Bi Dodoki hazikupigiwa kura. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, wa vipande viwili. Kipande cha kulia kilifunguliwa kila siku. Cha kushoto kilifunguliwa kwa mgeni wa heshima, kwa bibi harusi na kwa jeneza. Uchafu wa sokoni ulikuwa na njia yake, uani, karibu na banda la kuni.

Ndiyo maana Jumatatu ile mkwewe aliizunguka nyumba nzima na gunia kichwani, akainama chini ya kamba za nguo, akalitua ukutani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, msaidizi wa maabara katika chuo cha ufundi. Sokoni hawakujua habari za maabara. Walichojua ni kwamba kila baada ya siku mbili anapita kuomba maganda ya ndizi, na mtu anayeomba maganda ana mbuzi wa kulisha. Wakambatiza Mama Mbuzi. Hakuwa na hata mkia wa mbuzi, lakini jina lilimganda, naye akachoka kulikana.

"Umefika?" Bi Dodoki aliuliza bila kugeuka. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata tangu asubuhi.

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umepita nayo barabara kuu?"

"Hakuna barabara nyingine, mama."

"Basi watu wote wamekuona. Mwanangu, mtunza pampu, mtu wa serikali, mke wake anaokota taka." Bi Dodoki akaigeuza sufuria, akaitazama kwa jua. "Harufu yake jana ilinifuata mpaka kitandani. Nikaota nimekuwa ndizi."

Mama Mbuzi alicheka, akaona heri acheke. Alimpenda mama mkwe wake, ingawa mapenzi hayo yalikuwa na siku zake za mapumziko. Bi Dodoki alikuwa na miaka sitini na minane na dodoki halikumtoka mkononi. Alisugua sufuria, vizingiti, miguu ya viti, na wakati mwingine wajukuu wake wawili mpaka wakapiga kelele. Mtaani ilikuwa sifa kusema, "Nyumba hii safi kama kwa Bi Dodoki." Sifa hiyo aliilinda kuliko macho yake.

"Mhandisi anakuja Alhamisi," Mama Mbuzi alisema. "Baada ya hapo harufu itaisha, mama. Kwa heri au kwa shari."

Dodoki lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Alhamisi hiyo ndiyo iliyokuwa imewanyima wote usingizi. Maji ya kisima kile yalikuwa mazuri kuyatazama, baridi, meupe, hayana harufu wala ladha mbaya. Mtaa mzima uliyanywa kwa miaka thelathini. Kisha wakaja watu na vifaa, wakapima, wakasema yana urani. Juu kilimani kulikuwa na mgodi wa zamani, wenyewe walishaondoka na faida yao na kuacha vilima vya mchanga. Mvua ikanyesha juu ya mchanga ule mwaka hadi mwaka, na sumu ya mionzi ikateremka polepole mpaka kwenye mishipa ya kisima. Kifaa kilisoma mia moja na kumi na nane, wakati kiwango kinachoruhusiwa ni thelathini. Wakakifunga kisima kwa mnyororo. Tangu siku hiyo watu walinunua maji ya lori, yenye rangi ya kutu, na walioshindwa kununua walitembea mbali kuyatafuta.

Sasa barua ilikuwa imekuja. Alhamisi mhandisi wa idara ya maji angepima kwa mara ya mwisho. Maji yasiposhuka chini ya thelathini, kisima kingejazwa zege siku hiyohiyo. Na kisima kikizibwa, pampu haina kazi, mtunza pampu hana kazi, na nyumba ya mtunza pampu, yenye mlango wa vipande viwili, inarudi serikalini.

Mtunza pampu mwenyewe, mume wa Mama Mbuzi, alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Kwa miezi kumi na mmoja pampu yake ilikuwa haijaunguruma, lakini kila asubuhi aliitia mafuta na kuipangusa. Watu walimcheka kwamba anamnyoa maiti.

*

Mama Mbuzi alikuwa ameosha chupa za maabara kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo aliona wanafunzi wengi wakijaribu maganda ya kila aina, ya machungwa, ya karanga, ya ndizi, wakiyatumbukiza kwenye maji yenye sumu na kupima yalichonasa. Waliandika, wakapata vyeti, wakaenda zao. Maganda yalibaki kwake ayatupe. Siku kisima kilipofungwa alimwendea mwalimu mzee wa kemia, akamuuliza kitu ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza.

"Mwalimu, hiki kitu kinaweza kusafisha kisima kizima?"

Mwalimu alivua kofia, akajikuna. "Sijui. Hakuna aliyejaribu. Wote walitaka cheti, hakuna aliyetaka maji." Kisha akampa ufunguo wa maabara kwa siku za Jumamosi.

Ilimchukua miezi kumi. Alijifunza kuyaosha maganda kwa maji matupu, kuyaanika, kuyakatakata, kuyaloweka kwenye maji ya limau mpaka yachachuke, kuyaanika tena, kisha kuyashindilia kwenye mifuko ya kitambaa. Mumewe alichonga mabomba na kusimamisha mapipa matatu, maji yateremke kutoka moja hadi jingine polepole. Jumamosi moja walichukua maji ya kisima kwenye dumu wakayapitisha kwenye mfuko mmoja. Yaliingia na mia moja na kumi na nane, yakatoka na kumi na nne. Mumewe aliisoma namba ile mara tatu, halafu akambeba mkewe juu kama gunia la saruji, mbele ya mwalimu mzee, bila haya.

Nyumbani, Mama Mbuzi alijaribu kumweleza mama mkwe mara moja. Bi Dodoki alimkatiza katikati: "Maji masafi unayasafisha kwa uchafu? Mwanangu, mimi sikusoma, lakini mjinga si mimi." Maneno yakawa makali, mlango ukabamizwa. Kuanzia hapo Mama Mbuzi aliacha kueleza. Akiulizwa alijibu maneno matatu tu: "Ni ya kazi." Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka, na majibu ya namna hiyo huja kudai riba.

*

Jumatano, Bi Dodoki alibaki peke yake. Mkwewe alikuwa chuoni, mwanawe amekwenda kutafuta koki ya kubadilisha, wajukuu shuleni. Siku moja ilibaki kabla ya wageni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Alifagia uwanja wa kisima mpaka mchanga ukabaki na mistari ya ufagio. Akasugua mapipa matatu nje na ndani, ndoo zote, hata mnyororo wa kisima akaupangusa. Kisha akafungua stoo.

Mifuko ya maganda ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, tayari kwa kesho. Harufu ya uchachu ikampiga usoni. Kichwani akamwona mhandisi, mtu aliyesoma, ameinamia pipa na kuziba pua. Akawasikia watu wakisema, hii ndiyo nyumba ya Bi Dodoki? Akamwona mkwewe amesimama pale na aibu, baada ya miezi kumi ya kubeba magunia kichwani. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi, ingawa asingelikiri hata kwa kushikiwa panga. Alitaka mtoto yule wa watu asifiwe kesho. Alitaka aonekane ametoka nyumba safi.

"Ngoja nikusaidie, mwanangu," alisema peke yake.

Akachekecha majivu, yale laini kabisa anayoyatunza kwa vyombo vya wageni. Akayachanganya na maji kwenye karai, akaitumbukiza mifuko mmoja baada ya mwingine, akaikanda, akaikamua, akarudia. Maji yakatoka ya kahawia, na kadiri yalivyokuwa ya kahawia ndivyo Bi Dodoki alivyozidi kuridhika. Jua lilikuwa kali. Kufikia saa tisa mifuko ilikuwa imekauka, myepesi, haina harufu yoyote. Akairudisha kwenye kamba ya stoo ilivyokuwa, akakung'uta mikono yake miwili kuondoa vumbi, akanywa maji.

Jioni hakusema kitu. Alitaka wajionee wenyewe.

*

Alfajiri mtunza pampu ndiye aliyeipanga mifuko kwenye mapipa, wakati mkewe akimalizia kuwatayarisha watoto. Alikuwa na mafua wiki nzima na pua yake haikujua tofauti ya limau na mafuta ya taa. Alihesabu mifuko kumi na mmoja badala ya kumi na miwili. Alikumbuka wa kumi na mbili ulipo, akaendelea kupanga kama mtu mwenye siri ndogo ya aibu.

Saa nne mhandisi akafika. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na uso wa mtu aliyechoka kupeleka habari mbaya. Nyuma yake likaja lori la mchanga na saruji, na wanaume wanne wenye koleo. Watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika, kama sitini hivi. Mwenye lori la maji alikuwepo pia, kajiegemeza pembeni na kitambaa shingoni.

Mhandisi alimtazama Mama Mbuzi, akamtazama tena. "Nakufahamu wewe. Mimi nilisoma pale chuoni. Wewe si yule muosha chupa?"

Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Ndiye, mheshimiwa," alisema Mama Mbuzi. "Bado naosha."

"Na leo unaosha kisima." Hakusema kwa ubaya, lakini kicheko kilikuwa kimeshapata nafasi. Mtunza pampu alikunja ngumi, akazikunjua.

Pampu ikawashwa. Iliunguruma kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na mmoja, na wanawake wawili wakapiga vigelegele kabla ya wakati. Maji yakapanda, yakaingia pipa la kwanza, la pili, la tatu. Walisubiri saa nzima. Mhandisi alifungua sanduku lake, akatoa kifaa, akapima maji ya kisima kwanza. "Mia moja na kumi na nane," akasoma kwa sauti. Akakinga maji ya pipa la tatu, akapima. Akapangusa kioo cha kifaa, akapima tena.

"Tisini na nne."

Mama Mbuzi alikuwa ameshaisikia namba aliyoitarajia, kumi na kitu, ameiona hata midomo ya mhandisi ikiitamka.

"Haiwezekani," alisema.

"Mama, mimi nasoma kinachoonekana." Mhandisi alifunga kalamu. "Pole sana. Umejitahidi." Kisha akawageukia wale wanne. "Changanyeni."

Koleo likaingia kwenye mchanga. Sauti ile ilimkwaruza Mama Mbuzi kifuani. "Hata mbuzi wangemaliza kazi vizuri zaidi," alisema mtu nyuma, na safari hii waliocheka walikuwa wengi. Mtunza pampu alimsogelea mkewe. "Mama watoto, basi. Maji yamezidi unga."

Lakini Mama Mbuzi alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemzoesha kutembea na zile karatasi nyembamba za kupimia uchachu, kama wengine wanavyotembea na leso. Akachukua nyekundu, akaichovya kwenye pipa la tatu. Maganda yake yalikuwa machachu, kwa hiyo karatasi ilipaswa kubaki nyekundu. Ikageuka buluu mbele ya macho yake.

"Kuna kitu kimetiwa humu!" alipaza sauti. "Mheshimiwa, tazama! Kuna mtu ametia kitu kwenye maganda!"

Macho ya watu wote sitini yakahama kwa pamoja, yakamwangukia mwenye lori la maji. Kisima kikizibwa, nani anacheka? Mtunza pampu, mpole wa siku zote, alimfikia kwa hatua tatu na kumkamata ukosi.

"Niache wewe! Mimi nauza maji, siuzi uchawi!"

"Nani mwingine? Sema, nani mwingine!"

Bi Dodoki alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa nguo yake ya wageni, mkononi ameshika sinia la bilauri za kuwakaribisha. Kipande cha kushoto cha mlango kilikuwa wazi tangu asubuhi kwa ajili ya mhandisi.

"Kimetiwa nini?" aliuliza.

"Sijui, mama," alisema Mama Mbuzi, machozi yamemlenga. "Sabuni. Magadi. Au majivu."

Bilauri zikagongana kwenye sinia.

Hakuna aliyemwona Jumatano. Angeweza kunyamaza. Mwenye lori hakuwa na wa kumtetea, na watu walikuwa wameshamhukumu. Kwa miaka sitini na minane hakuna mtu aliyewahi kumcheka Bi Dodoki kwa jambo lolote lenye kuhusu maji na jivu. Aliutazama mkono wa mwanawe kwenye shingo ya mtu, akaitazama zege inavyochanganywa, akapiga moyo konde.

"Mwache huyo mtu," alisema. "Ni mimi."

"Mama?"

"Nimeyaosha mimi. Kwa majivu. Yalikuwa yananuka." Aliweka sinia chini taratibu, kizingitini, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Nilisema wageni wanakuja. Nilitaka wakute pasafi."

Kicheko kilipasuka kila upande. "Bi Dodoki kaifua dawa!" "Kisima kimekufa kwa usafi!" Mwenye lori la maji alikuwa anajinyoosha ukosi na yeye pia anacheka, tena kwa haki. Bi Dodoki alisimama wima katikati ya kicheko kile, mikono ameishusha, hakuinamisha uso.

Mama Mbuzi hasira zilimpanda mpaka kooni. Miezi kumi! Kisha akamwona mama mkwe wake alivyosimama. Hasira ikakosa pa kukaa.

"Msimcheke," alisema, na sauti yake ikawanyamazisha. "Mkicheka, nichekeni mimi. Miezi yote hii namwambia 'ni ya kazi, ni ya kazi', sikumweleza kazi gani. Nani angejua?" Akamgeukia Bi Dodoki, akasema naye polepole, kana kwamba wako jikoni wawili tu. "Mama, ile harufu ndiyo kazi yenyewe. Ganda likichachuka, sumu ikipita inanata humo. Jivu linaufuta uchachu, na sumu inashikana na jivu badala ya ganda. Inateleza na maji, inatoka ilivyoingia."

Bi Dodoki alifikiri. "Kumbe nilichokiosha ndicho kilichokuwa kinaosha."

"Ndicho, mama."

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo ningekiacha kinuke mpaka majirani wahame."

Mhandisi alikuwa amevua miwani. "Nimewaelewa," alisema, "tena poleni. Lakini siwezi kuandika harufu kwenye fomu. Kama hamna maganda mengine, kwangu ni tisini na nne."

"Yote niliyaosha," alisema Bi Dodoki. "Kila mfuko uliokuwa kwenye kamba."

Hapo mtunza pampu akakohoa. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

"Kuna mmoja haukuwa kwenye kamba."

"Uko wapi?" mkewe akauliza.

"Kwenye chumba cha pampu. Kile kiti kina msumari, mama watoto, unajua kile kiti." Akameza mate. "Nimeukalia tangu Jumanne."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, lakini hiki kilikuwa cha aina nyingine. Hata wale wa koleo walisimama wakijishika mbavu. Mama Mbuzi alikuwa amemwonya mumewe mara kumi asikalie mifuko ya kazi. Sasa alitamani kumbusu hadharani.

Mhandisi aliangalia saa. "Hawa vijana wanakula saa saba. Wakimaliza kula, naandika namba nitakayoisoma wakati huo."

*

Mfuko mmoja hauwezi kujaza pipa, kwa hiyo walitumia ndoo. Mtunza pampu aliitoboa chini, akafunga koki. Mama Mbuzi alipotaka kuutia mfuko, Bi Dodoki alimshika mkono.

"Ngoja. Ndoo hiyo pia niliisugua kwa majivu jana."

Akaingia jikoni, akatoka na malimau yote yaliyokuwemo ndani. Akaketi chini na nguo yake ya wageni, akayakata, akaisugua ndoo kwa limau ndani na nje, tundu, koki na mdomo, kwa mikono ileile iliyoharibu. Akaisuuza. Mama Mbuzi akampa karatasi nyekundu aichovye mwenyewe. Watu wakasogea kutazama. Karatasi ikabaki nyekundu.

"Sasa ndiyo safi?" aliuliza Bi Dodoki.

"Sasa ndiyo safi, mama."

Maji yalipita tone kwa tone. Vijana wa saruji walikula kivulini. Mhandisi alikataa kiti, akachuchumaa kando ya ndoo kama mwanafunzi, na baada ya muda akauliza, "Na maganda yakishanasa sumu, mtayapeleka wapi? Maana yenyewe yatakuwa sumu."

Hilo Mama Mbuzi alikuwa amelingoja miezi mingi. "Yanaingia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko na kufuli. Likijaa linarudi kule mgodini, kwenye ghala la taka mnalolilinda ninyi wa serikali. Hayachomwi, hayatupwi, na hayapewi mbuzi."

Mhandisi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Barua ya ghala nitaandika mimi."

Saa saba na robo akakinga maji. Akapima. Wote walimtazama mdomo. Akapima tena, na mara ya tatu, kisha akakigeuza kifaa ili Mama Mbuzi asome mwenyewe.

"Kumi na saba," alisoma. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Kumi na saba!"

Mumewe alimbeba juu kama ile Jumamosi, na safari hii hakuna aliyecheka. Vigelegele vilivyotoka mapema asubuhi vilirudi na kukaa mahali pake. Mwenye lori la maji alitingisha kichwa, akapangusa uso. Mtunza pampu, mkewe akiwa bado begani, alimwendea na kumpa mkono. "Nisamehe ndugu yangu." "Nimeshakusamehe," yule alisema, "ila shati utanishonea."

Mhandisi aliwaambia ukweli bila kuuzungusha. Kisima hakifunguliwi leo wala kesho. Atatoa miezi mitatu ya majaribio, maji yapimwe kila wiki, na atakayeyanywa kabla ya ruhusa amejitakia. Lakini saruji inarudi ilikotoka. Kisha akafungua fomu yake juu ya pipa.

"Mtaalamu wa chujio, niandike nani? Cheo chako ni nini hasa?"

Mama Mbuzi alifikiria. Angeweza kujichagulia cheo chochote, na siku ile kila mtu angekubali. "Andika hivyohivyo ulivyoniita," alisema. "Muosha chupa."

Mhandisi alikaa na kalamu hewani. Akaandika, na alipomaliza akampa mkono kwa mikono miwili.

*

Mapipa matatu yalihitaji mifuko mipya kumi na mmoja. Jumamosi, Mama Mbuzi aliamka akitafuta gunia lake na hakuliona. Mama mkwe wake pia hakuwepo.

Bi Dodoki alikuwa sokoni. Alipita meza hadi meza, na nguo yake ya wageni, akiomba maganda kwa sauti ya mtu anayedai mali yake. "Hilo lina doa, sitaki. Hilo bichi, nipe." Muuza ndizi mmoja hakujizuia. "Bi Dodoki, na wewe siku hizi una mbuzi?"

"Nina mkwe," alisema Bi Dodoki. "Jaza."

Alirudi kwa barabara kuu, katikati ya asubuhi, wakati kila mtu yuko nje. Hakuharakisha. Gunia lilikuwa limelowa na lilikuwa linanuka, na maji yake yalimtiririkia begani. Kila aliyemsalimu alisimama akamjibu kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za watoto, gunia likiwa kichwani muda wote.

Mama Mbuzi alimwona kwa mbali. Akakimbia uani, akafungua mlango wa nyuma, akasogeza kuni, akasimama kumpokea. Akasubiri. Bi Dodoki hakutokea. Badala yake akasikia mlango wa mbele unagongwa, tena kwa nguvu.

Akaenda akafungua kipande cha kulia. Mama mkwe wake alikuwa amesimama kizingitini, nyuma yake majirani watano sita wakitazama.

"Karibu mama, nipokee huo mzigo. Uani nimeshafungua."

"Uani kuna nini?" alisema Bi Dodoki. Alipangusa miguu yake vizuri kwenye tambara, mmoja, kisha wa pili, kwa sababu sheria ni sheria. Kisha akanyoosha kidole kwenye kipande cha kushoto. "Fungua na hicho."